Sauti ya Somoe, Vipande Vipande

Jumatatu, 4 Agosti 2008
Nimepeta ufuta mpaka macho yanawasha. Mchana nikaenda Nachingwea mjini kwa mjukuu wangu Zuhura, kwenye chumba chake cha kompyuta. Jumamosi ni harusi ya Mwanahawa, kijijini Likunja. Hajawahi kumsikia bibi yake, marehemu mdogo wangu Somoe, aliyewaimbia maharusi wote wa kule. Anataka atolewe ndani kwa sauti hiyo. Si ya mwingine. Mwalimu mmoja mgeni alimrekodi zamani kwa kaseti, akahamishwa. Leo Zuhura kaugundua wimbo mtandaoni, kwenye kompyuta za watu. Nimelia. Kisha nimekula vitumbua.

Jumanne, 5 Agosti
Zuhura kanieleza. Wimbo haukai mahali pamoja. Umekatwa vipande. Huyu ana hiki, yule kile, mashine yetu inawaomba wote kwa mpigo na kuviunga. Programu yenyewe bure. Aliyeitunga kaacha ufundi wake wazi, anayejua aingie arekebishe. Mtu wa namna hiyo ningemwoza binti.
Ila kuna jambo baya. Wimbo haujatimia, mashine tayari inawagawia wengine! Kwetu chungu hakipakuliwi kikiwa motoni. Kumpa mgeni ugali mbichi ni aibu. Nimemwamuru azime kugawa. Kazima, kanuna.

Jumatano, 6 Agosti
Siku nzima, kipande kimoja.
"Umeziba wewe, mke mwenzangu," Zuhura kaniambia bila haya.
Kumbe kule wanatazama mkono wako. Hutoi, nawe unapewa mwisho, wakikumbuka. Sawa na mwaliko wa palizi: ukikaa kivulini kungoja togwa, shambani kwako watakuja nzi. Na kipande, hata kimoja, kimeshaiva, mwenzio anakihitaji. Haya, nimekosea. Fungua! Vikamiminika. Nimecheza mle mle chumbani. Karani mmoja aliyekuja kuchapa barua kanipigia makofi.

Alhamisi, 7 Agosti
Kimebaki kimoja. Hakuna aliye nacho. Mwenye wimbo mzima ni mtu mmoja tu, na mashine yake imezimwa. Hatumjui, hatujui aliko. Tumejaribu kuupiga hivyo hivyo. Unakatika pale pale bibi harusi anapoambiwa ainuke. Mbaya kuliko kukosa wote.
Mwanahawa kapiga simu. Nimesema bado. Shangazi zake wanataka kukodi mwimbaji. Nimewatukana.

Ijumaa, 8 Agosti
Zuhura kapiga simu, kelele tupu. Yule mtu kawasha! Kimeingia! Na wote waliokwama pamoja nasi wamekipata, wengine kwake, wengine kwetu. Mtu usiyemjua unamwombea nini? Nimemwombea meno imara uzeeni.
Zuhura kautia kwenye sidii. Kesho alfajiri safari.

Jumamosi, 9 Agosti
Somoe kaimba. Mwanahawa kainuka alipoambiwa. Wanawake waliomjua wakamwitikia kana kwamba kasimama mlangoni. Nimecheza mpaka goti limegoma. Sauti sina. Furaha imenivimbia kifuani, siwezi hata kula pilau. Nimekula lakini.

Jumapili, 10 Agosti
Nimerudi. Nyumba kimya. Kuku wanaparua uani.
Zuhura kauliza kama aache kugawa, maana wimbo tunao. Kuna mtu anauvuta, mbali, nchi ambayo Zuhura hajui hata kuitamka. Hajamaliza.
Nimesema aiache mashine iwake. Sijui harusi yao ni lini.