Samaki wa Foto Sita

Mujukuu wangu Ilunga,

Amani ikukute huko Lubumbashi. Hapa Nchelenge tuko bazima. Kambo yako Yumba anakusalimia, na dada yako Chola amezaa mutoto mwanaume.

Umeuliza ununue lenzi gani, na kama kuunganisha foto nyingi ili kitu kizima kionekane wazi ni kazi ya bure. Sikia. Miaka ya tisini ikielekea kwisha, tulikuwa tumevuka ziwa juzi tu, tukikimbia vita, nami nilibaki na lenzi moja. Niliigeuza nyuma mbele, nikaifunga kwenye kamera kwa utepe, ikaanza kuona vitu vidogo. Nikapiga chisense, kale kasamaki Yumba alikuwa anauza, kichwa mbele, mukia nyuma. Foto iliporudi kutoka kusafishwa, jicho lilikuwa wazi, nyuma ukungu mutupu. Yumba akaiangalia.

"Jicho ninaliona. Mukia iko wapi? Huyu hapana samaki wangu."

Ilinichoma. Filimu yangu ya mwisho ilibaki na foto sita. Nikaweka kamera juu ya ubao, nikapiga jicho, nikasogeza ubao upana wa ukucha wa kidole kidogo, nikapiga tena, mpaka mukia. Filimu ikaenda kusafishwa Mansa na minibasi. Foto ziliporudi, nikakata kwa wembe sehemu safi ya kila moja, nikazibandika pamoja.

Yumba akafuata kwa kidole kutoka jicho mpaka mukia.

"Sasa huyu njo samaki," akasema. "Lakini tumbo imepinda. Rudia."

Nilirudia mara tatu.

Nunua lenzi ya vitu vya karibu, hata iliyotumika, na utafute ubao usiotikisika. Ukimaliza, muonyeshe mutu asiyependa kukusifu.

Kambo yako,
Kasongo