Kioko Amebaki Melini

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku Uskoti. Je, huko nyumbani Kola mko salama? Kifua chako kimetulia? Dada yetu Mumbua akikusomea hii barua, akae karibu nawe. Mimi niko hai, niko nchi kavu, nimefunikwa blanketi katika kambi ya jeshi. Ni mdogo wangu Kioko ndiye sijui kama yu hai. Nimeomba kalamu kwa sababu nikikaa bure nitapiga mayowe.

Meli yetu iliingia maji leo asubuhi. Injini ilizima, meli ikalala upande, sufuria zangu zote za jikoni zikamwagika. Tulishikilia vyuma tu, kila mtu akimwita Mungu kwa lugha ya kwao. Ndipo ikaja helikopta ya wanajeshi wa majini. Ilisimama juu yetu na kelele yake, hata ukilia hujisikii. Wakateremsha waya wenye ndoano, na mnyapara wetu akatukemea, "Msiguse mpaka ifike chini! Iko na stima, umeme wa helikopta!"

Lakini si unamjua mwanao. Kioko akiona kamba inapita, mkono unaenda wenyewe, vile alivyokuwa akidaka ya punda wakitoroka mtoni. Akaidaka. Asai, Mwaitu! Stima ilimtupa chali.

Aliinuka mzima, ila ameingiwa na woga ambao sijawahi kuuona kwake. Mwanajeshi aliposhuka na mkanda wa kutufunga kwapani, Kioko alirudi nyuma. "Hiyo kitu sipandi, kaka. Itaniua." Nikambembeleza, mwisho nikamtusi. "We mjinga, unangoja maji yakumeze?" Akasema nitangulie, atakuja. Nikafungwa, nikavutwa juu nikizunguka hewani, macho nimefumba. Nilipoyafumbua, mlango ulikuwa unafungwa. Helikopta ilikuwa imejaa, na Kioko hakuwa ndani.

Imerudi kuwachukua waliobaki. Fundi wake ameniletea chai, ananisifia hiyo ndege kama mtu anayesifu ng'ombe wake. Eti ni nzee kuliko mimi. Zamani ilikuwa ikiwinda nyambizi, zile meli zinazojificha chini ya maji. Siku hizi inabeba wagonjwa kutoka visiwani, wapanda milima waliovunjika miguu, na watu kama sisi. Anafikiri ananituliza. Mimi nawaza tu kwamba kitu kizee huchoka, na ukungu umeshuka mpaka bahari haionekani. Naogopa, Mwaitu. Naogopa sana. Uliniambia nimwangalie, na mimi nikapanda nikamwacha.

Nisalimie shangazi anayeuza mitumba huko Tala, na jirani yetu mzee wa kanisa. Waambie waombe sasa hivi, hata kama barua itachelewa.

Naisikia. Inatua. Watu wanakimbia na machela. Naacha kalamu, nakwenda.

Mwaitu, sasa ni mimi Kioko ninayeandika. Kaka Mutua analia, hawezi kushika kalamu. Mkono wangu wa kulia umekufa ganzi tangu nidake ule waya, naandika na wa kushoto, usishangae mwandiko. Niko mzima. Wasikudanganye kwamba nilipata ujasiri. Waya ulipokuja tena nilitetemeka mpaka nikajikojolea, mwanajeshi akanifunga tu. Nilikubali kwa sababu niliona kitu kibaya kuliko ile stima: Mutua akikuandikia peke yake.

Wanao wawili,
Mutua na Kioko