Nilivyomvusha Baba Hatua ya Saba

Nyumbani kwa Fundi Sekunde,
Chumba cha mbele, penye cherehani.
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limeacha kukusumbua unapopanda ngazi za kazini. Mama Mdogo naye, macho yanaendeleaje? Mwambie miwani haikutengenezwa ikae kichwani kama taji. Huku kwetu tunapumua. Paa la jikoni lilivuja wiki mbili, sasa limezibwa. Mimi nina sare za shule mia na ishirini za kushona kabla mwezi haujaisha, na mgongo unanikumbusha umri wangu kila asubuhi.

Najua utashangaa kuletewa barua wakati simu ipo. Lakini kuta za nyumba hii unazijua: mtu akipiga chafya chumbani, walio sebuleni wanamwambia pole. Ninalotaka kukueleza linamhusu kaka yako, naye yuko nyuma ya ukuta huu huu ninaouegemea. Tena nikilisema kwa mdomo nitalia kabla sijafika katikati. Karatasi itanivumilia.

Baba Mdogo, nimemkosea Baba. Nitakueleza tangu mwanzo, maana sehemu kubwa hukuiona.

Unakumbuka alivyotoka hospitali baada ya kile kiharusi. Mguu ulirudi, ulimi ukarudi, mkono wa kulia ukabaki nyuma. Kikombe aliweza kukishika, kibano hakuweza. Na fundi saa asiyeshika kibano afanye nini? Aliifunika meza yake kwa shuka jeupe, kama mtu anayefunika vyombo vya nyumba anayoihama, akawa anakaa dirishani.

Ndipo yule dada wa mazoezi ya viungo aliposema vidole vitafutiwe kazi ndogondogo za kila siku, nawe ukatuma ile gemu. Siku ya kwanza Baba aliicheka. Akasema mdogo wake ameona kaka amerudi utotoni, kilichobaki ni kumletea chupa ya maziwa. Lakini baada ya siku tatu alikuwa haachi pedi ya kuchezea mkononi. Lile lori lililopakia vioo na kupanda mlima lilimteka kabisa. Aliniambia, "Sindano, mimi sijawahi kuendesha hata baiskeli, na leo nimepindua malori kumi na manne kabla ya chai!" Tulicheka mpaka nikajichoma kidole.

Sijui kama unajua kuwa gemu ile inakuuliza mwanzoni unataka Rahisi, Kawaida au Ngumu. Baba alichagua Ngumu. Dada wa mazoezi alipoona, alimwambia kwa upole, "Mzee, shusha kidogo. Mkono ukizoea tutapandisha wenyewe." Baba akamjibu, "Nikishusha, nitajuaje kama mkono ndio umepanda?"

Nilikuwepo. Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu, kwa hiyo siwezi kusema sikujua gemu ile kwake ilikuwa nini. Alikuwa anaupima mkono, kama alivyokuwa akiipima saa ya mteja siku tatu mezani kabla ya kumrudishia.

Hatua sita za kwanza zilimchukua miezi miwili, akazivuka. Ya saba ikamshinda. Kuna daraja la mbao, jembamba, lina kona mbili na upepo unaosukuma lori ubavuni. Linataka kidole gumba cha kulia kisogee kwa kiasi kidogo sana na kitulie hapo. Cha kwake kilikuwa hakitulii. Lori likianguka, vioo vinavunjika vyote kwa pamoja, na gemu inatoa mlio mrefu wa vigae. Mimi nikiwa kwenye cherehani nilikuwa nasikia vioo vinavunjika, halafu kimya, halafu Baba anasema, "Tena." Vioo. Kimya. "Tena." Wiki tano, Baba Mdogo, asubuhi na jioni.

Jumatano moja alikuja mlangoni shati likiwa wazi kifuani. Tangu atoke hospitali alikataa kuvalishwa, hata kama vifungo vingemchukua nusu saa. Siku hiyo alisimama tu akasema, "Nifunge." Nikamfunga vifungo sita bila kuthubutu kumtazama usoni.

Kesho yake, Alhamisi, alikwenda kwa kinyozi. Nikaingia chumbani kwake, nikawasha ile mashine, nikatafuta sehemu ya kubadilisha ugumu. Nilibonyeza mara tatu tu. Hata uzi kwenye sindano huchukua muda mrefu zaidi kupita. Nikaweka Rahisi, nikazima, nikarudi kwenye sare zangu.

Wakati ule nilijiambia ni huruma. Sasa nikijiuliza bila kujipendelea, naona nilikuwa nayahurumia masikio yangu.

Alirudi kichwa kinang'aa, akakaa, akaanza. Mara ya kwanza akaanguka. Mara ya pili nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia: muziki. Halafu Baba akapiga ukelele, akatoka mbio, mbio kabisa, ameisahau fimbo kitandani. Alinishika mabega akasema, "Limetulia! Sindano, dole gumba limetulia! Nimelihisi!" Uso wake ulikuwa wa zamani, wa kabla ya ugonjwa. Nilimkumbatia.

Alikupigia dakika ile ile. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sindano mdomoni. Ulimpongeza, ukamwambia, "Kaka, basi funua meza." Sikulaumu hata kidogo. Ulikuwa unamfurahia mtu aliyeshinda. Aliyejua kuwa hakushinda alikuwa mmoja tu, na mdomo wake ulijaa sindano.

Wiki moja tu akawa amemaliza hatua zote zilizobaki. Kila siku niliamka nikisema leo nitamwambia, na kila siku nilimkuta amechangamka kuliko jana, anafunga vifungo mwenyewe huku anapiga mluzi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu niliiona ndefu, imenyooka, nikazidi kuifuata.

Jumatatu iliyofuata aliondoa lile shuka mezani. Alipanga bisibisi zake kwa ukubwa, akapangusa lenzi, akaivaa jichoni. Saa ya ukutani ya jirani ilikuwa imesimama, akaitengeneza ikatembea. Hiyo ni kazi ambayo hata mimi ningeifanya, lakini kwake ilikuwa ushahidi mwingine.

Halafu akaja Mwalimu Chaki. Ni yule mzee mrefu aliyekuwa akifundisha hesabu, ambaye hata baada ya kustaafu koti lake lina vumbi jeupe mfukoni. Mkewe alifariki miaka mitatu iliyopita. Alileta saa ya mkewe, ya mkononi, ndogo kama ukucha wa kidole gumba, ya kutia ufunguo. Ilisimama wiki ile ile ya mazishi. Hakutaka fundi mwingine aiguse. Alipopata moyo wa kuileta, akasikia Baba anaumwa, akairudisha ndani ya soksi kabatini akamsubiri apone. Alisema, "Fundi, nimesikia mkono umerudi. Nikasema, basi na saa yangu itarudi."

Nilikuwa nazungushia pindo la sketi, hatua nne kutoka walipokuwa. Nilikuwa na nafasi ya kusema, Baba Mdogo. Nilikanyaga cherehani.

Siku ya kwanza aliifungua, akaisafisha, akaweka kila kipande kwenye kisahani. Nikamwona anaukunja mkono na kuukunjua chini ya meza. Siku ya pili, kama saa nne asubuhi, alikuwa anairudisha ile springi nyembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga, ile inayoifanya saa ipumue. Nikasikia bisibisi imeteleza. Haikutoa sauti kubwa, ni mkwaruzo tu. Nilipogeuka, springi ilikuwa imekatika vipande viwili na mhimili wa gurudumu umepinda. Saa ile haina vipuri tena popote. Waliokuwa wakiitengeneza walikwisha acha zamani.

Hakupiga kelele. Alivua lenzi, akauweka mkono wa kulia juu ya meza, akautazama. Akauambia taratibu, kama anaongea na mtu anayempenda, "Mbona uliniambia umepona?"

Hapo ndipo nilipopiga magoti kwenye vitambaa nikamwambia yote.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Lini?"

"Alhamisi ile uliyokwenda kwa kinyozi."

"Hatua ya saba?"

"Ya saba, Baba, na zote zilizofuata."

Akatikisa kichwa polepole. "Kwa hiyo daraja sijalivuka."

Akaviokota vile vipande kwa mkono wa kushoto, kimoja kimoja. Kisha akasema, bila hasira yoyote, na heri angenipiga: "Ungeniambia tu kwamba kelele zimekuchosha. Ningepunguza sauti."

Aliifunga saa kwenye kitambaa, akavaa koti, akashika fimbo. Nikamwomba niipeleke mimi, nikaeleze kosa ni langu. Akasema saa alipewa yeye. Nilimfuata nyuma mitaa miwili, yeye anatembea na mimi natembea, kama watu wasiojuana.

Kwa Mwalimu Chaki hakunitaja kabisa. Alisema, "Mwalimu, nimeiharibu saa ya mama. Nilidhani mkono umepona, haujapona. Haitatengenezeka tena, si na mimi wala na mtu mwingine." Nikafungua mdomo niseme, Baba akainua kiganja bila kugeuka. Mwalimu aliipokea saa kwa mikono miwili. Akasema, "Fundi, hata nilipoileta ilikuwa haitembei." Alikuwa anatutuliza sisi, lakini midomo yake ilikuwa inacheza. Alifunga mlango taratibu. Tulisikia anavuta kiti, halafu hatukusikia kitu kingine.

Hayo yalitokea wiki sita zilizopita.

Usidhani Baba amenuna. Ingekuwa afadhali. Amekuwa na adabu kwangu. Zamani alikuwa anapaza sauti, "Sindano, chai inachemshwa au inalimwa?" Siku hizi anasema, "Ukipata nafasi, tafadhali." Akimaliza kula anashukuru, kama mgeni aliyepewa hifadhi. Nyumba nzima ina heshima mpaka inaniumiza kifua.

Na kuna jingine zito zaidi. Wiki iliyopita nilimwona ameokota sarafu sakafuni kwa mkono wa kulia. Aliiokota kweli, Baba Mdogo, bila kuikosa! Nikasema kwa furaha, "Baba, leo mkono uko vizuri." Akanitazama tu. Nikaona anatafuta usoni kwangu kama nasema kweli, na haoni. Siku akipona kweli, watu wote wataweza kumwambia isipokuwa mimi.

Dada wa mazoezi alikuja Jumanne. Nilimweleza barazani. Hakunigombeza, alisema tu kwamba kushusha ugumu si dhambi, wagonjwa wake wote hushusha, lakini mwenye mkono ndiye anayeshusha. Kisha akamwomba Baba waanze pamoja na Kawaida. Baba alikataa kwa heshima ile ile.

Nilimwomba msamaha mara ya tatu juzi, wakati anavaa viatu. Akasema, "Nilikwisha kukusamehe siku ile ile, mwanangu. Ila usiniambie tena kwamba nimeweza." Nikamfunga kamba za viatu, akaniachia.

Meza ya saa imefunikwa tena. Gemu ameifuta yote, ameanza upya hatua ya kwanza kwenye Ngumu. Anacheza mlango umefungwa, na sauti ameizima kabisa. Nashona mchana kutwa nikijua yuko kwenye lori, sijui amevuka, sijui ameanguka. Nilizichukia zile kelele za vioo. Sasa ningetoa chochote nizisikie.

Sikuandikii ili unitetee kwake, wala sikuombi uje. Nina ombi moja tu. Ukimpigia simu, usimpongeze na usimpe pole. Mwulize tu amefika hatua ya ngapi. Atakayokutajia, mwamini, kaka yako hajui kujiongezea. Lakini mimi usinidokezee hata kidogo. Nataka aje aniambie mwenyewe kwa hiari yake, hata ikichukua miaka, na asipokuja nitajua kuwa ndivyo alivyoamua.

Nisalimie Mama Mdogo sana, na wale mapacha wako, waambie dada yao anawashonea kaptula za mifuko minne kama walivyoagiza. Shangazi Mkubwa akipita kwenu mpe shikamoo yangu. Baba angekusalimu, ila hajui kama nakuandikia.

Mungu akuhifadhi kazini na njiani, Baba Mdogo, na akujalie kuzungukwa na watu wa kukuambia kweli hata siku inapouma.

Mimi mwanao, ninayekupenda na kukukumbuka,

Sindano