Jiwe la Kusagia la Mama Mkwe

Bhoke mjukuu wangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Issenye tu wazima, na yule ng'ombe mwekundu amezaa. Unauliza kwa nini bado nasaga ulezi kwa mkono na mashine ipo.

Tulipohamia kijiji cha ujamaa, babu yako aliliacha jiwe la kusagia la mama yake kwenye mahame. "Mama, umesaga vya kutosha. Pumzika," alimwambia. Mama mkwe akawa anashinda kigodani, kazi zote tunamfanyia. Mvua ziliporudi, hakuweza kuinuka bila kushikwa. Akasema, "Mmenihurumia, lakini nileteeni jiwe langu." Babu yako akalifuata kwa mkokoteni. Mama mkwe aliweka mikono juu yake, akashindwa kusaga.

Ndilo hili ninalosagia, nami nainuka mwenyewe. Ukija likizo, usininyang'anye kwa upendo.

Bibi yako