Aliyeulizwa Jina Akajibu "Niko Hapa"

Papa wangu,

Nakuandikia kutoka Okolona, huku huku Marekani, na kitenge nilichovaa jana kwenye sherehe bado kimetundikwa mlangoni. Wewe umelala Buffalo, chini ya ile theluji uliyokuwa ukiitukana kila asubuhi kabla ya kwenda kiwandani. Habari hii haiwezi kungoja tuonane kwa Mungu. Babu amepata jina lake.

Unakumbuka ulivyotulea kwa neno moja? Ukiniita nami nikasema "nini?", hukuniambia unachotaka. Uliita tena, na tena, mpaka niseme "niko hapa." Ndipo ulipocheka na kutusimulia tena hadithi ya baba yako, askari wa wakoloni, aliyesimamishwa mbele ya kamera. Mzungu mwenye Kiswahili cha kubahatisha alitaka jina, akauliza, "Unaitwa?" Babu alidhani kuna mkubwa anayemwita. Akakaza mgongo, akajibu, "Niko hapa." Mzungu akaandika hivyo hivyo. Mimi nilidhani unatutania tu, maana ulikuwa hodari wa kutia chumvi.

Mwezi uliopita dada yako, Shangazi, alinipigia simu kutoka mtaa wa Clintonville. Alikuwa amempeleka bibi kizee anayelipwa kumtunza kwenye maonyesho ya picha za zamani, huko huko Columbus.

"Bon, kuya mbio," akasema, akinihimiza nije upesi kwa Kiswahili chetu cha nyumbani chenye Kifaransa ndani. "Donc, niliona sura yako ku ukuta. Ndevu tu njo inazidi."

Nilimchukua mjukuu wako Neema, ambaye siku hizi ukimsalimu kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza, tukaenda. Ukuta mzima ulikuwa wa askari wa Kiafrika. Kila mmoja kapigwa picha mara mbili, uso na ubavu, rula kando ya kichwa, eti ijulikane ni aina gani ya watu. Wengi hawakuwa na jina kabisa. Chini ya mmoja wao iliandikwa: "Nikohapa, askari, aina ya watu wa milimani."

Shangazi alicheka hadi akaegemea ukuta. Mimi nililia, na yalikuwa machozi ya hasira. Walimpima pua na paji la uso, wakashindwa kumsikiliza.

Hatukuondoka, Papa. Tulimwomba mama anayesimamia picha hizo abadilishe maandishi. Alikuwa mpole, lakini alisema askari ni wengi na familia ni nyingi, sasa yeye atajuaje kuwa huyu ni wetu? Nikatoa simu. Bado ninayo sauti uliyomtumia Neema ukiwa mgonjwa, ukimsimulia hadithi ile ile, na katikati unasema: "Sikio yake ya kushoto, imbwa iliipasula angali mutoto."

Tukasogea kwenye picha ya ubavu. Sikio lilikuwa pale, limechanika kama jani la mgomba baada ya upepo. Picha waliyoipiga ili wampime kichwa ndiyo iliyotuonyesha kuwa ni wetu. Yule mama aliomba kuisikia sauti yako tena, kisha akanishika mkono, akasema maandishi yatabadilika. Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Babu kala mbivu yake akiwa hana hata jino.

Jana yalitundikwa maandishi mapya. Yule mama alitaka kufuta kosa lote, lakini Shangazi alikataa: "Muiache. Ile njo jibu yake." Kwa hiyo sasa yanasema: "Mushagalusha, baba na babu. Aliulizwa jina, akajibu: Niko hapa." Nilijaa fahari, Papa, hata nguo ilinibana.

Kisha yule mama akasoma jina kwa sauti mbele ya wageni, akauliza kama kuna mtu wa familia yake. Mimi na Shangazi tuligeukiana, kila mmoja akitaka mwenzake ajibu. Nikasikia viatu vikigonga sakafu karibu yangu. Ni Neema, yule yule wa Kiingereza, amekaza mgongo kama ulivyokuwa ukimwonyesha.

"Niko hapa," akasema.

Watu walipiga makofi mpaka mlinzi wa mlangoni akaja kuchungulia.

Pumzika sasa, Papa. Na siku ile tutakapoitwa sote, mmoja mmoja, usihangaike kumtaja baba yako kwa niaba yake. Atajijibia mwenyewe.

Binti yako,
mama Neema