Koti la Mzee Kabisa

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, tarehe 9, baada ya chakula cha mchana

Mpendwa mdogo wangu Kasuku,

Salamu nyingi. Hujambo? Kifua kinaendeleaje, na lile jino la nyuma umeling'oa au bado unalidanganya kwa vidonge? Sisi hapa wazima. Baba anakula vizuri, sasa hivi amelala kitini na gazeti limemfunika uso. Mimi ni mzima wa mwili. Habari za roho utazisoma huko chini.

Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Kila nikiandika sentensi naitazama kwanza kama inachekesha. Ikichekesha naikata. Umeniharibia raha ya kuandika, wewe mtoto, maana zamani nilikuandikia nikijua unasoma peke yako kitandani. Siku hizi sijui nawaandikia watu wangapi.

Nikukumbushe tulikotoka, huenda taa za televisheni zimekusahaulisha. Jina la Kasuku ulipewa na Baba mwenyewe, siku ulipomwiga mwalimu mkuu anavyopiga chafya mpaka mama akaacha sufuria iungue. Ulipoanza ushereheshaji wa harusi ukawa unarudi na sauti imekauka, nani alikuchemshia maji ya chumvi usukutue? Na siku yako ya kwanza jukwaani, kwenye ule ukumbi wa hoteli ambao watu walikula wamekupa mgongo, ilicheka meza moja tu. Ilikuwa meza yetu. Baba alicheka mpaka mhudumu akaja kuuliza kama amepaliwa.

Mwaka jana nilikuandikia kwamba masikio ya Baba yamekwisha. Miaka thelathini ya kiwanda cha uchapaji, akisahihisha maandishi ya watu huku mashine zinanguruma, ndiyo iliyotusomesha mimi na wewe, na ndiyo iliyoyala masikio yale. Aliniambia mimi peke yangu, akaniapisha nisimwambie mtu. Nikakwambia wewe. Nilijiambia wewe si mtu, wewe ni ndugu yangu. Kosa hilo ni langu, nalibeba.

Nikakueleza anavyojificha, kwamba akiambiwa jambo asilolisikia anatikisa kichwa na kujibu, "Kabisa, kabisa." Nikakueleza na lile la jirani yetu fundi viatu, alipokuja kumwambia kuwa mke wake amefariki, Baba akamshika mkono akasema kabisa kabisa, hongera sana. Hilo nilikuandikia nikilia, Kasuku. Wino ulichuruzika, uliuona.

Ukanijibu kwa barua nzuri sana. Ukasema umemkumbuka Baba, nikutumie lile koti lake la kahawia ulivae, upate harufu ya nyumbani. Nikalipiga pasi, nikalikunja, nikalituma. Unalijua lile, kifungo cha tatu ni cheusi na vingine vya kahawia, kwa sababu mama alikosa kinachofanana. Nikifunga kile kifurushi nilikuwa najiambia, jamani, mdogo wangu ana moyo.

Wiki sita baadaye, siku ya Alhamisi, ukatokea kwenye kipindi chako cha televisheni na mhusika mpya, Mzee Kabisa. Mgongo umepinda, kiganja sikioni, koti la kahawia. Anaambiwa nyumba yake inaungua, anajibu kabisa kabisa. Anaambiwa mke wa jirani amefariki, anasema hongera sana. Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, na sikukiweka chini mpaka kipindi kikaisha.

Umetuuza. Sina neno jingine. Ungeniiga mimi, na ulimi wangu huu, ningekutukana kisha ningecheka. Lakini umechukua siri ya mtu aliyekulea, tena ukaivalisha nguo zake mwenyewe!

Kule duka la dawa ninakofanya kazi, wateja wakipokea vidonge wananijibu kabisa kabisa, wakacheka, hawajui wanamcheka nani. Fundi viatu anajua. Ameacha kuja kumsalimia Baba. Akitupita siku hizi anapitia upande wa pili wa barabara.

Na Baba kila Alhamisi anakaa mbele ya televisheni. Anasingizia kwamba sauti yake ina mikwaruzo, kwa hiyo nimwandikie kwenye daftari unachosema. Ningeandika nini? Nikaanza kukutungia utani. Eti unamsimulia daktari wa meno anayeogopa sindano. Eti dereva wa lori aliyepotea akitafuta nyumba yake. Baba anasoma, anacheka, halafu anachukua penseli na kunisahihisha herufi, kazi haijamtoka mkononi. Miezi minne nimekuwa mchekeshaji wa mtu mmoja, ili wewe ubaki mwana mwema.

Juzi wenzako wa televisheni wakapiga simu. Kipindi cha mia moja kimekaribia, unataka Baba akae kiti cha mbele, kamera imwoneshe akicheka. Hivi una akili timamu? Watu watazame koti, kisha wamtazame yeye? Niliwaambia haji, nikakata simu.

Lakini Baba aliniona nilivyowaka, akataka kujua ni nani. Nikamwandikia kwamba ni watu wa televisheni, wanamwalika, nami nimekataa kwa sababu safari ni ndefu. Akasoma. Akafungua kurasa zote za Alhamisi zilizopita, moja moja, bila haraka. Kisha akaandika kwa ule mwandiko wake ulionyooka: "Utani wako ni mzuri kuliko wake. Ila neno langu nalitambua hata mdomoni mwa mtu mwingine, na kifungo kile alikishona mama yenu."

Alijua tangu Alhamisi ya kwanza. Miezi yote hiyo alikuwa anacheka kwa ajili yangu. Nilikaa sakafuni nikalia mpaka akanipa leso yake.

Nilipotulia nikamwuliza niwajibu nini wale watu. Akachukua penseli tena. Nakunakilia bila kuongeza wala kupunguza: "Waambie nitakuja. Nitakaa mbele. Siku hizi kuna baridi, nataka koti langu."

Nilicheka, Kasuku, nikashika ukuta. Yeye hakucheka.

Basi tunakuja. Koti liwe limefuliwa, na kile kifungo usikiguse. Fundi viatu mwandikie wewe mwenyewe, maneno yako mwenyewe, safari hii usiombe ya kwangu.

Msalimie mkeo, umbusu binti yenu. Shangazi Mkubwa anakusalimu sana, bado hajaelewa Mzee Kabisa ni nani, anakuombea kila siku uzidi kupanda. Nami naomba Mungu akulinde huko uliko, na akulinde zaidi siku nitakayoshuka kwenye basi.

Wako nikupendaye, leo kwa shida,

Dada yako