Dumu Jeupe la Shira ya Ndimu

Songea, Jumatano asubuhi

Mama yangu,

Shikamoo. Ningekupigia goti ila mguu bado uko ndani ya plasta. Vinginevyo mimi mzima. Wewe je, kifua kimetulia? Maji ya tangi yatawafikisha hadi mvua? Baba anakula? Nauliza mbiombio, Mama, kwa sababu nina jambo. Agata akusomee barua hii mkiwa wawili tu, mlango umefungwa. Dada Teresia asiishike kwanza.

Jambo lenyewe ni vinywaji vya Jumamosi, vya wageni wa posa ya Agata.

Unajua hapa baa niliajiriwa kuosha glasi. Kuchanganya vinywaji nimejifundisha mwenyewe, kwa kuangalia simu na kujaribu chumbani. Ndimu mbichi, mnanaa, sukari, barafu, pombe kali kidogo. Majani unayaponda taratibu, bila hasira, chumba kizima kinanukia! Hiyo ndiyo mojito. Mteja wa kwanza aliagiza ya pili kabla hajamaliza ya kwanza. Basi kila siku nikawa nampigia Dada: ndimu mnazo, tangawizi mnazo, usinunue juisi ya paketi hata siku moja. Chemsha shira, kamulia ndimu humo, ilaze siku mbili ikolee. Akashika upesi kuliko mimi.

Jana akanitumia picha. Meza ina kitambaa, ndimu beseni zima, na katikati dumu jeupe lenye kifuniko cha buluu. "Nimelikuta stoo," anasema, "nimelisugua linang'aa. Alhamisi nalaza shira humu."

Mama, kifuniko kile nakijua.

Dumu lile si la mafuta ya kula. Niliwadanganya kwamba nimelinunua Masasi sokoni. Nililitoa Mkunya, msimu ule niliokuwa napulizia mikorosho ya watu. Lilikuwa la dawa. Si unajua kwetu dumu halitupwi, na maji yenyewe tunayatafuta kwa jasho? Nikaliona limelala shambani, zima, na mpini wake. Nikalisugua kwa mchanga na majivu, nikakwangua ile karatasi yenye fuvu mpaka ikaisha, nikaja nalo nyumbani kifua mbele. Maji ya kusuuzia nikayamwaga nyuma ya banda. Wale kuku watano, Mama, hawakufa kwa mdondo. Nilikuona unawafukia huku unalia na mdondo, nikanyamaza. Dumu nikalisukumia chini kabisa ya magunia, nikasema litasahaulika.

Nilimpigia palepale.

"Dada, hilo dumu lina sumu."

"We Lukasi! Si ulisema la mafuta?"

"Nilidanganya."

"Basi na sasa hivi unadanganya. Tangu ujue kukata ndimu umekuwa bwana afya? Unataka wakwe wanywe maji matupu, halafu uje Krismasi utambe kwamba bila wewe hakuna sherehe!"

Nyuma yake nikamsikia Baba anauliza kama kuna ya kuonja. Simu ikakatika. Mpaka sasa hapokei, na hapo nyumbani simu ndiyo hiyo moja.

Majirani sijawapigia. Neno sumu likitembea hapo kijijini Mnyambe kabla wakwe hawajaketi, nani atamchukua Agata? Barua nampa utingo wa basi. Kesho analala Masasi, Ijumaa anapanda nayo Newala mpaka mkononi mwako. Ameniapia.

Mama, usilinuse, wala usionje kuhakikisha. Utamu na ukali wa ndimu unaficha kila kitu, ndiyo sifa yake, na ndiyo inayonitisha. Mtu atasifia, ataongeza glasi, ndipo mate yaanze kumtoka na macho yaingie kiza. Chimba shimo mbali na tangi, mwaga yote, dumu litoboe kwa panga. Shira nyingine ipikwe na ilazwe kwenye sufuria. Kama kuna aliyekwisha kunywa, hata funda moja, usimpe maziwa, usingoje apate nafuu. Mkimbizeni hospitali, mseme wazi: dawa ya mikorosho.

Na kama barua imekukuta wageni wameshakaa na glasi ziko mezani, usione haya. Pindua meza. Wakisema mama wa bibi harusi ana wazimu, waseme wakiwa hai.

Msalimie Baba, asionje kitu. Msalimie Bibi, glasi yake iwe ya maji. Agata mdogo wangu, samahani kwa kukusomesha haya. Msalimie Dada Teresia, fundi kunishinda. Mwambie mwongo ni mimi kweli, ila leo siyo.

Ijumaa jua likizama sijasikia sauti yako, nampigia mwenyekiti wa kijiji aje na watu waingie jikoni, na Agata atanichukia maisha yake yote. Afadhali anichukie.

Mwanao,
Lukasi